Je, Yafaa Kusafiri Bila Kutumwa?

Mwalimu mmoja wa upande wa Mtera ametuletea swali, nasi twaona vema kulijibu hapa, maana si lake peke yake. Asema hivi: penye ukuta wa bwawa, mahali njia itokayo Iringa ivukapo kwenda Dodoma, hupita mara kwa mara wageni wawili wawili, mume na mke, kila mmoja na shanta mgongoni. Walianza safari Rasi ya Tumaini Jema, wakapita Botswana na Zambia, wakaingia kwetu kwa Tunduma. Nao wanakusudia kufika Nairobi, na pengine Misri. Hawauzi kitu, hawahubiri, wala hawana ndugu wa kumzuru. Waliacha kazi zao ili watembee mwaka mzima na kuona nchi. Wakifika huomba maji na mahali pa kulala. Mwalimu auliza: je, safari ya namna hii ni njema mbele ya Mungu? Na sisi yatupasa kuwatendea nini?

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Nchi ya Ugogo imezoea kupitwa na wasafiri. Katika karne ya 19 misafara ya pembe ilipita ikienda pwani, na wapagazi wengi wa Kinyamwezi walifuatana na wake zao, waliobeba vyombo na kupika kambini. Hao walisafiri kwa ajili ya ujira. Kisha, kati ya mwaka 1917 na 1920, ikaja njaa ile Wagogo waiitayo Mtunya. Majeshi ya vita yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka, na vijana wa kubeba mizigo. Halafu mvua ikakosa. Mume na mke wakafunga mizigo yao wakaenda kuhemea mbali, na wengi hawakurudi. Hao walisafiri kwa ajili ya uhai. Basi mzee aliyesimuliwa habari hizo na mama yake, amwonapo kijana mwenye afya ambaye ameacha chakula kwao ili atembee juani kwa hiari yake, huona uchungu kidogo. Uchungu huo si wivu. Yeye ajua bei ya njia ile.

Dkt. Martin Luther naye alisema juu ya jambo hili. Alipokuwa mtawa alikwenda Roma. Lakini mwaka 1520, katika waraka wake kwa wakuu wa Kijerumani, aliwakemea watu waendao kuhiji huko na kutumia fedha nyingi kwa kazi ambayo Mungu hakuiagiza, huku wakiwaacha mke na watoto, au jirani zao, katika dhiki. Hakusema kwamba kutembea ni dhambi. Aliuliza ni nani anayelipa gharama ya safari. Hiki ndicho kipimo cha kwanza. Kama wale wawili wamemwacha nyumbani mzazi mgonjwa asiye na mtu, au deni lisilolipwa, basi hata wakifika Misri wamepotea njia. Kama hawakumwacha mtu katika taabu, sisi hatuna neno la kuwashtaki.

Lakini mtu aweza kusema: kutokudhuru hakutoshi; je, pana faida? Twakiri ipo. Mungu aliumba nchi nyingi, wala si kosa mtu kutamani kuziona. Tena mume na mke waendao pamoja kwa miguu hawana mlango wa kufunga kati yao. Kila mmoja humwona mwenzake akiwa na njaa, na hasira, na hofu, na hujifunza kumngoja aliye mchovu. Hata hivyo, somo hilo laweza kupatikana shambani pia, wala halihitaji kuvuka mipaka. Basi faida yao wenyewe isiwe ndiyo sababu yote.

Tuwatazame Akila na Priskila, ambao habari zao zimo katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Hao nao walikuwa mume na mke wasafiri. Kaisari Klaudio alipowafukuza Wayahudi Roma, walikwenda Korintho, kisha Efeso. Lakini popote walipokaa walishona mahema kwa mikono yao, wakamkaribisha Paulo, wakamfundisha Apolo njia kwa usahihi zaidi. Hiki ndicho kipimo cha pili: msafiri ameacha nini nyuma yake? Wazungu waliopita Ugogo zamani walinung'unika sana kwa sababu ya hongo, wakaiita unyang'anyi. Hawakukumbuka kwamba visima vilichimbwa na watu, na kwamba katika kiangazi kila kibuyu cha maji alichopewa mpitaji kilipunguzwa katika maji ya mtoto na ya ng'ombe. Basi mgeni wa leo ajue kwamba amekunywa jasho la mtu. Na atoe basi salamu, na shukrani, na malipo ya haki, wala asijiite maskini; maana umaskini ambao mtu aweza kuuacha siku atakayo si umaskini.

Sasa twaja kwetu wenyewe, na hapa ndipo penye hatari. Tukisema, "Kiu yao wamejitakia, tusiwape maji," tumekosa. Kiu ni kiu, wala Bwana wetu hakutuagiza tumhoji kwanza mwenye kiu. Lakini lipo kosa jingine, nalo ni la siri zaidi. Mgeni wa mbali mwenye shanta akija, twamtolea kiti, twachinja kuku, twaita watoto wamsalimu. Jioni iyo hiyo aja mama wa kijiji cha pili na kapu tupu, mwaka wa mvua haba, akihemea. Naye twamwacha asimame mlangoni mpaka achoke. Yule wa kwanza asafiri kwa kupenda, huyu kwa kukosa. Je, twampokea mgeni, au twaipokea fahari yake?

Basi, ndugu mwalimu, jibu letu ni hili. Wale wawili uwapokee kwa amani, uwape maji na mkeka, uwaulize habari za wazazi wao. Na wakitaka kusaidia kazi ya siku hiyo, usiwazuie. Hesabu ya safari yao watampa Mungu. Lakini hesabu ya kiti kile, nani alikalishwa na nani alisimamishwa, itatakwa kwetu. Na yule mama mwenye kapu akija, mtolee kiti hicho hicho.