Sauti na Ukuta

Katika nyumba nyingi za ibada za Nakuru, na hata Njoro na Gilgil, zilizojengwa kwa mawe ya kuchonga na kuezekwa mabati, sakafu ikiwa ya vigae, neno la mhubiri humfikia msikilizaji zaidi ya mara moja: kwanza lenyewe, kisha mwangwi wake kutoka kila ukuta, hata silabi ya pili ikaikuta ya kwanza haijafa. Hapo wazee wa kanisa, kwa nia njema isiyo na shaka, hukata shauri kununua spika kubwa zaidi, na kuta huurudisha ukubwa huo wote.

Wallace Sabine wa Harvard, aliyeanza kulichunguza jambo hili mwaka 1895, alibainisha kwa kutumia mito ya viti kwamba kinachopunguza mvumo ni vitu laini vinavyoinyonya sauti, na miili ya wasikilizaji ni miongoni mwavyo. Basi afadhali spika nyembamba ndefu, ambazo sauti yake haitawanyiki sana juu na chini, zielekezwe kwa watu wala si darini, pamoja na mapazia mazito. (Misikiti, kwa mazulia yake, imetangulia kidogo.)

Lakini suala la asili si la fundi: je, amana ya mwenye kunena hutimia anapotamka, au mpaka aeleweke? Naona haitimii kwa kutamka. Katika Kurani, Lukmani alimuusia mwanawe ashushe sauti, na wosia huo, tuuhesabuo kuwa wa adabu tu, nauona kuwa pia wa insafu, maana aliyezibwa masikio kwa kishindo hana hiari ya kukubali wala kukataa aliloambiwa.