Khofu ya Kupimwa na Amana ya Mwili

Katika darsa zetu twaulizwa mas-ala mengi ya twahara, Sala, ndoa na mirathi, na waulizao huuliza mbele ya watu bila ya kuona haya. Lakini liko swali moja ambalo halitajwi hadharani. Huletwa kwa kikaratasi kilichokunjwa, au mume huja akaliuliza kwa sauti ya chini baada ya watu kuondoka. Nalo ni hili: mwanamke ametakiwa aende akapimwe saratani ya mlango wa kizazi, naye ameingiwa na khofu hata usingizi umempaa, na kila ifikapo siku ya kwenda, hupata udhuru. Je, khofu hiyo ni upungufu wa imani? Na je, ana ruhusa ya kukaa asiende?

Tumeona yatupasa tulijibu swali hili kwa maandishi, ili lipate kusomwa na wale wasioweza kuliuliza kwa ulimi.

Kwanza tuujue uzito wa jambo lenyewe. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake 5,236 katika Kenya walipatikana na saratani hii, na 3,211 walikufa kwayo. Hapana saratani nyingine iliyoua wanawake wengi kuliko hii katika nchi yetu mwaka huo. Na katika dunia nzima, mwaka 2022, waliokufa walikaribia 350,000. Hawa ni mama zetu, wake zetu na dada zetu, na wengi wao hufikwa na mauti hali wana watoto wadogo.

La kusikitisha zaidi ni kuwa maradhi haya hayaji ghafla. Asili yake ni vijidudu viitwavyo HPV, na mtaalamu wa Kijerumani aliyelidhihirisha jambo hilo, Harald zur Hausen, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Tangu vijidudu hivyo kuingia mwilini hata saratani kutokea, kwa kawaida hupita miaka 15 mpaka 20. Na kwa mwanamke ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu, miaka 5 mpaka 10. Muda wote huo mwanamke haoni maumivu wala dalili, lakini ampimaye aweza kuyaona mabadiliko, yakaondolewa kabla hayajageuka kuwa saratani. Basi huo ni muhula ambao Mwenyezi Mungu amempa mja wake kwa rehema Yake. Mwenye kuuacha muhula huo ukapita bure kwa sababu ya khofu, ameiacha rehema aliyopewa mkononi.

Sasa tuje kwenye khofu yenyewe. Twasema wazi: kuogopa si dhambi, wala si dalili ya imani haba. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya Taha kuwa Nabii Musa (a.s.) aliingiwa na khofu nafsini mwake mbele ya wachawi wa Firauni, naye ni Mtume mteule. Ametueleza katika Sura ya Maryam jinsi uchungu wa uzazi ulivyompeleka Bibi Maryam kwenye shina la mtende, hata akatamani lau angalikufa kabla ya siku ile. Wala Mola wake hakumkemea kwa neno hilo. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji yapitayo chini yake, na akaamrishwa alitikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu. Zingatia, ewe msomaji. Mwanamke mnyonge, katika saa ya unyonge wake, alitakiwa anyoshe mkono afanye alilo na uwezo nalo. Khofu yake haikuhesabiwa kuwa kosa, lakini haikuachiwa imfunge mikono.

Hii ndiyo kanuni tunayotaka ishikwe. Mja haulizwi kwa nini moyo wake umetetemeka, kwani kutetemeka kwa moyo hakumo katika hiari yake. Huulizwa aliitii nini: aliitii khofu, au aliutii wajibu. Na mwili huu si mali yetu tufanye tupendavyo. Ni amana, na mwenye kushika amana hana ruhusa ya kuiacha iharibike kwa kuwa anaona uzito kuifungua na kuitazama.

Wako wasemao: "Sisi tumetawakali, lililoandikwa litakuwa." Neno hili ni la haki lakini limewekwa pasipo mahali pake. Seyidna Umar (r.a.) alipokuwa safarini kwenda Shamu, akasikia kuwa tauni imeingia huko, alirejea na watu wake. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, jibu lake lilikuwa kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta dawa, na akamfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ndipo atawakali. Basi kwenda kupimwa ni kumfunga ngamia. Ama yule avaaye hirizi au anywaye kombe akasema yamtosha, yeye hakutawakali kwa Mungu. Ametawakali kwa wino na karatasi.

Tukiitazama khofu ya kupimwa twaona kuwa si moja, bali ni tatu zilizofungwa pamoja, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni khofu ya maumivu. Dawa yake ni kujua. Nyingi ya khofu hii huzaliwa na maneno ya barazani na jikoni, ambako jambo la dakika chache hugeuzwa kuwa kisa cha kutisha. Ukweli ni kuwa mwanamke hulala chali, na mpimaji hutia chombo kidogo mfano wa mdomo wa bata ili apate kuuona mlango wa kizazi. Kisha ama huchukua chembe kwa kijiti laini au brashi ndogo, ama hupangusa kwa siki iliyozimuliwa na kungoja kama dakika moja aone ikiwa pana mahali palipogeuka peupe. Jambo lenyewe lina karaha, hatukanushi, na wengine huona maumivu kidogo. Lakini ni la muda mfupi. Aende akiwa amekwisha kukojoa, avute pumzi na kuitoa polepole, asiukaze mwili, kwani mwili uliokazwa ndio uumiao. Na akiumia aseme. Ni haki yake kumwambia mpimaji asite, na ni wajibu wa mpimaji kusita.

Ya pili ni haya. Nayo ni tukufu, ni katika imani, wala hatumdharau mwanamke mwenye haya. Lakini haya iliyowekwa na sheria ina mipaka iliyowekwa na sheria hiyo hiyo. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na Imamu Nawawi, ambaye sisi watu wa pwani twasoma fikihi ya Shafi kwa vitabu vyake, ametaja katika Minhaj kuwa kutazama na kugusa kunaruhusiwa kwa ajili ya kuumika na matibabu. Sharti zake zajulikana: mwanamke apimwe na mwanamke, asipopatikana, ndipo mwanamume mwaminifu, naye awepo mume, maharimu au mwanamke wa kutegemewa, na isifunuliwe ila sehemu ihitajiwayo, kwa kadiri ya haja.

Mtu aweza kusema: "Hayo ni ya mgonjwa, na huyu si mgonjwa, basi haja i wapi?" Jibu ni kuwa maradhi haya hayana dalili mwanzo wake. Mwenye kungoja dalili ndipo aone haja, amengoja mpaka tiba imekuwa nzito, na pengine huko atafunuliwa mara nyingi kuliko mara moja aliyoikimbia. Kupima ndio mlango wa matibabu, na kilichohalalisha nyumba kimehalalisha mlango wake. Wahenga wetu walilimaliza jambo hili zamani waliposema: mficha uchi hazai. Tena siku hizi iko njia nyepesi zaidi kwa mwenye haya. Shirika la Afya Duniani limekubali kipimo cha HPV ambacho mwanamke aweza kujichukulia chembe mwenyewe, faraghani, pasipo kutazamwa na mtu.

Ya tatu ndiyo kubwa, nayo hujificha nyuma ya hizo mbili. Ni khofu ya khabari. Mwanamke husema aogopa chombo, au aona haya, na kumbe aogopalo hasa ni neno atakaloambiwa baadaye. Moyo wake wamwambia: madamu sijajua, sina ugonjwa. Huu ni udanganyifu wa nafsi. Kipimo hakileti maradhi. Huleta khabari tu. Yaliyomo mwilini yamo, tukiyajua tusiyajue, na Mwenyezi Mungu ayajua. Tofauti ni kuwa yajulikanayo mapema hutibika, mara nyingi kwa kupagandisha au kupachoma mahali palipobadilika, na mwanamke akarejea nyumbani siku ile ile. Mficha maradhi kilio humfichua.

Mfano wa jambo hili tunao katika Sura ya Qasas. Mama yake Musa alimtia mwanawe mtoni, na asubuhi moyo wake ukawa mtupu kwa khofu, ukakaribia kuidhihirisha siri yake lau Mungu hakuutia nguvu. Akafanya nini? Hakufunga mlango akaziba masikio asije akasikia kuwa mtoto amekufa. Alimtuma dada yake Musa amfuate nyuma, amletee khabari. Na kwa khabari hiyo alirejeshewa mwanawe, jicho lake likatua. Lau angaliogopa kujua, nani angaliwaonyesha watu wa Firauni njia ya kwenda kwake?

Katika khofu hii ya tatu kumejificha jambo ambalo lazima tulitaje, nalo lawahusu waume. Wako wanawake waogopao kuambiwa wana HPV kwa kuwa wajua kuwa vijidudu hivi huambukizwa kwa kukutana kimwili, na wachelea waume zao watawatuhumu zina. Jueni, enyi ndugu, kuwa vijidudu hivi vimeenea mno, hata wengi wa watu waliooa na kuolewa huwahi kuvipata wakati fulani wa umri wao, na vyaweza kukaa mwilini miaka mingi pasipo kujulikana. Haiwezekani kwa kipimo hicho kujua vilitoka kwa nani wala lini, na huenda mume ndiye aliyevileta bila ya kujijua. Mwenye kumtuhumu mkewe zina kwa karatasi ya hospitali ameingia katika kosa la kusingizia, na adhabu yake mwaijua. Yapasa mume amwambie mkewe neno hili kabla hajaenda, wala asingoje majibu yarudi.

Hapa ndipo tuonapo kuwa khofu ya mwanamke mmoja si mzigo wake peke yake. Mume ana fungu lake: ampeleke, amngoje nje, awatazame watoto. Mama na shangazi wana fungu lao: wawaeleze mabinti ukweli, waache visa vya kutisha. Wauguzi wana fungu lao: pazia, shuka, na ulimi mwema. Na sisi tusomeshao tuna fungu kubwa, kwani tumenyamaza muda mrefu tukidhani kunyamaza ndio adabu. Na lau twataka mabinti zetu wapimwe na wanawake wa Kiislamu, basi tuwapeleke mabinti zetu wasome udaktari na uuguzi. Katika zama za Mtume (s.a.w.) Rubayyi binti Muawwidh na wenzake walitoka vitani wakiwanywesha maji na kuwatibu majeruhi.

Yaliyobaki ni machache ya kumfaa mwenye kwenda. Shirika la Afya Duniani lashauri wanawake kwa jumla waanze kupimwa wafikapo miaka 30, na wenye virusi vya ukimwi waanze miaka 25. Atokwaye na damu isiyo ya ada yake, au baada ya kukutana na mumewe, asingoje umri wala zamu, aende mara moja. Achague siku asiyo katika hedhi. Asiende mchana wa Ramadhani, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafi kitu kiingiacho ndani ya tupu hubatilisha saumu. Kupimwa hakumlazimishi josho. Akitokwa na kitu, atatawadha tu kwa Sala yake. Na mwenye binti wa miaka 10 asimnyime chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2019.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, asali rakaa mbili, amwombe Mola wake kama Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akiomba kuepushwa na wasiwasi na huzuni. Wala asidhani kuwa dua haikujibiwa akiamka bado moyo wamdunda. Aende na moyo wake ukidunda. Kwenda huko kwa miguu yake mwenyewe, hali aogopa, ndiko kujibiwa kwake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awatie nguvu wenye khofu, na atuwezeshe sisi waume kuwa msaada kwao, tusiwe sababu ya khofu yao. Amin.