Ziwa Moja, Nchi Nne: Je, Mapatano ya Mataifa Yamhusu Mtu wa Kijiji?

Wako watu wasemao: «Mambo ya mataifa ni mambo ya wakubwa. Maraisi na mabalozi hukutana katika miji ya mbali, hutia sahihi, hurudi kwao. Mtu wa kijiji, mwenye jembe lake na wavu wake, ana neno gani nao?» Maneno hayo huonekana kuwa ya unyenyekevu. Lakini mkatekumeni anayejitayarisha kupokea Batizo takatifu imempasa kuyapima kwanza, kwa maana mara nyingine uvivu hujificha nyuma ya unyenyekevu.

Tazameni ziwa Tanganyika. Urefu wake wapata kilometa 670, na kina chake chafika meta 1470. Nchi nne zimegawana maji yake: katika sehemu mia, Kongo ina sehemu 45 hivi, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Mtu wa Uvira hula ndagala. Ng'ambo, kule Kigoma, samaki yule yule huitwa dagaa. Kusini, kule Mpulungu, huitwa kapenta. Majina ni matatu, samaki ni mmoja. Naye hajui mpaka. Aweza kuzaliwa katika maji ya nchi moja na kuvuliwa katika maji ya nchi nyingine.

Kwa sababu hiyo hakuna nchi iwezayo kulilinda ziwa hilo peke yake. Wavuvi wa upande mmoja wakitumia nyavu za matundu madogo na kukokota hata samaki wachanga, vikapu vya upande wa pili vitapungua pia. Basi tarehe 12 Juni 2003, katika mji wa Dar es Salaam, wajumbe wa nchi zote nne walitia sahihi mapatano ya kulitunza ziwa kwa pamoja. Ofisi ya kazi hiyo iliwekwa Bujumbura. Baadaye nchi hizo zilikubaliana tena kwamba uvuvi ufungwe miezi mitatu katika mwaka, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hilo toka tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti.

Sasa yafaa kuuliza: ni nani ashikaye mapatano hayo? Si mjumbe, maana yeye usiku amelala nyumbani mwake mjini. Ayashikaye ni mvuvi, ambaye usiku ule ule anautazama mtumbwi wake ufukoni, na taa yake haikuwashwa. Mapatano huandikwa na watu wachache. Hushikwa au huvunjwa na watu maelfu. Kwa hiyo asemaye kwamba mambo ya mataifa hayamhusu, anasahau kwamba mapatano yale yamewekwa mikononi mwake.

Maandiko Matakatifu yafundisha jambo hili tangu zamani. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, chasimulia habari za Isaka katika nchi ya Gerari. Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa nchi ile wakakigombania. Wakachimba cha pili, ugomvi ukatokea tena. Isaka hakupiga mtu. Alisogea mbele, akachimba cha tatu, na hicho hakikugombaniwa. Kisha mfalme Abimeleki, ambaye alikuwa amemfukuza Isaka, akaja kutaka mapatano. Isaka angaliweza kumfungia mlango. Lakini aliwaandalia chakula, wakala na kunywa, na asubuhi yake wakaapiana, wakaachana kwa amani. Wakubwa ndio walioapa. Lakini waliokutana kisimani kila siku walikuwa wachungaji, na kama wachungaji wasingalikiheshimu kiapo, kingalikuwa maneno matupu.

Mtu atajibu: «Watu wa ng'ambo hawashiki mapatano. Nisipovua mimi, watavua wao.» Lakini dhambi ya jirani haijawa kamwe ruhusa ya kutenda dhambi. Tena, je, mtu huyo amefikiri kwamba labda usiku huo huo, ng'ambo ya pili, mvuvi mwingine anasema neno lilo hilo juu yake? Hapo ziwa halimalizwi na njaa, bali na mashaka ya pande mbili. Amri ya saba yakataza wizi. Anayevua kwa siri wakati wenzake wamejinyima, anachukua kilicho cha jirani yake, na kilicho cha mtoto ambaye hajazaliwa bado. Tena ahadi ni deni, hata kama mdai yuko ng'ambo ya maji na haoni.

Mtu mwingine atasema: «Miezi mitatu ni mirefu. Watoto watakula nini?» Neno hilo si kisingizio, neno hilo ni kweli. Nyumba isiyo na shamba yaweza kulala na njaa muda wote ziwa linapofungwa. Papa Yohane XXIII, katika barua yake ya tarehe 11 Aprili 1963 aliyowaandikia watu wote wenye mapenzi mema, alifundisha kwamba amani husimama juu ya ukweli, haki, mapendo na uhuru. Kwa hiyo amri ifungayo ziwa pasipo kukifikiri chungu cha maskini imepungukiwa na haki.

Basi mvuvi huyo afanye nini? Asitoke usiku kwa siri; aseme mchana mbele ya watu. Akiseme kilio chake katika chama cha wavuvi, mbele ya mkuu wa kijiji na mbele ya watumishi wa serikali, ili wajumbe wa nchi yake wakichukue mpaka kwenye mkutano wa mataifa. Mjumbe ambaye hakusikia sauti ya kijiji atasema nini huko? Kwa hiyo raia ana kazi mbili: kushika neno lililopatanwa, na kusema wazi linapowaumiza watu. Akishika bila kusema, maskini wataonewa; akisema bila kushika, hakuna atakayemwamini.

Nao wanafunzi wana kazi yao. Wajifunze habari za nchi jirani, mito yake na watu wake, wala wasiridhike na masimulizi ya matusi juu yao. Wajifunze lugha kwa bidii: Kiswahili chasikika Kalemie, Kigoma na Bujumbura, na anayekijua vizuri pamoja na Kifaransa au Kiingereza aweza kuwapatanisha watu wengi. Wazoee kumsikiliza mpinzani mpaka amalize, na kusema ukweli bila kutukana. Mwanafunzi anayeweza kuwapatanisha wenzake wawili waliogombania kalamu ameanza kazi ya balozi.

Injili ya Luka, sura ya 5, yasimulia kwamba Petro na wenzake walipozishusha nyavu kwa neno la Bwana Yezu, samaki walikuwa wengi hata nyavu zikaanza kukatika. Wakawapungia mkono wenzao waliokuwa katika chombo kingine, waje kuwasaidia, na vyombo vyote viwili vikajaa. Petro angalitaka kuvipata vyote peke yake, angalipoteza samaki na wavu pia.

MAULIZO YA KUTAFAKARI

Jirani ya Mkristu ni nani? – Ni kila mtu, hata yule wa ng'ambo ya ziwa, ambaye jina lake halijulikani.

Je, mapatano ya mataifa ni ya wakubwa tu? – Hapana. Wakubwa huyaandika, bali watu wote huyashika au huyavunja.

Mapatano yakiwaumiza maskini, Mkristu afanye nini? – Asiyavunje kwa siri, bali aseme wazi kwa heshima, mpaka yatengenezwe.