Kengele Iliyokwisha Muda Wake

Katika baadhi ya nyumba za mji wa Nakuru, hasa zile zilizojengwa karibuni, na katika hoteli, hospitali na mabweni kadha wa kadha, kuna chombo kidogo cheupe, cha mviringo kama kisahani cha kikombe, kilichobanwa darini. Watu hukipita mwaka mzima bila kukiinulia macho. Chombo hicho ni kengele ya moshi, au ndugu yake, kengele ya hewa ya makaa. Kazi yake ni kukesha watu wanapolala. Nacho, kama kila mwenye kukesha, kina mwisho wa nguvu zake: mgongoni mwake imepigwa chapa ya tarehe, na tarehe hiyo ikipita hakifai kuaminiwa tena.

Nataka, msomaji wangu, tufikiri pamoja juu ya siku ile inayofuata tarehe. Tumfanyeje mlinzi aliyezeeka? Swali hili huonekana dogo, la fundi na mwenye nyumba tu. Lakini ukilifuata litakushusha darini likufikishe jalalani, na kutoka jalalani likufikishe ziwani, na kila mahali utamkuta mtu amesimama akikudai haki yake.

Yafaa kwanza umjue adui anayelindwa. Sehemu zetu za juu za Bonde la Ufa ni za baridi. Huko Molo na Mau Narok, na hata Njoro, usiku huuma. Mtu aliyepika chakula cha jioni kwa jiko la makaa huona ni hasara kuuacha moto upoe nje bure. Basi huliingiza jiko chumbani, hufunga dirisha, huziba ufa wa mlango kwa gunia, akalala na watoto wake. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Hushikamana na damu kwa nguvu inayoipita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikawa inazunguka mwilini imebeba sumu mahali pa uhai. Mwenye kuivuta huumwa kichwa, hulegea, husinzia. Na usingizi huo ndio unaomzuia asiamke akafungue mlango. Jiko letu lenye kauri ndani, lililoanza kuenea Kenya katika miaka ya 1980, limepunguza makaa yanayotumika, na ni jambo la kushukuriwa. Walakini halikuiondoa sumu hii.

Moshi, kwa mtu aliye macho, una adabu ya kubisha hodi: huwasha macho na kukohoza. Lakini humkuta mtu amelala, naye aliyelala hasikii harufu. Mnamo Septemba 2024 moto uliwaua wanafunzi 21 wa shule ya Hillside Endarasha, katika kaunti ya Nyeri, bwenini mwao usiku. Ninyi mnaolala mabwenini hamhitaji kuelezwa zaidi kwa nini kengele ni kitu cha maana.

Sasa tuutazame uzee wake. Ndani ya kengele ya hewa ya makaa mna kihisio, ambacho twaweza kukiita pua yake, na aghalabu pua hiyo hufanya kazi kwa majimaji ya kikemia. Majimaji hukauka na kihisio huchoka. Kwa hiyo watengenezaji hukipa muda, kwa kawaida kati ya miaka 5 na 10. Kengele ya moshi hupewa miaka 10 hivi. Pale usoni pana kitufe cha kujaribia. Watu wengi hudhani kwamba kitufe kikibonyezwa na kengele ikalia, basi kengele ni nzima. Hapo ndipo wanapokosea. Kwa kengele ya hewa ya makaa, kitufe hujaribu betri, mitambo na sauti. Hakijui habari za pua. Kengele iliyokufa pua italia kwa sauti ileile ya ujana wake.

Tuseme basi shule yenu imeamua kufanya mradi wa kukusanya kengele zilizokwisha muda mjini Nakuru na viungani mwake. Najua litakalotokea katika mkutano wa kwanza. Atasimama mtu mmoja, mwenye moyo mwema, aseme: "Kengele hizi bado zinalia. Mbona tuzivunje? Wako watu huko vyumba vya kupanga wanaolala na jiko na hawana kengele yoyote. Tuwagawie." Wengi watampigia makofi, kwa sababu neno lake lina sura ya huruma na ya uwekevu kwa pamoja.

Usimcheke mtu huyu. Hoja yake ina nguvu. Atakuambia kwamba tarehe haiiui kengele siku ileile kama kisu. Kwamba iliyopitwa kwa miezi sita huenda ikafanya kazi mwaka mwingine. Na kwamba nusu ya mlinzi ni bora kuliko kukosa mlinzi kabisa. Katika mambo mengi ya dunia hesabu hii ni sahihi. Koti lililochakaa ni bora kuliko uchi, na kitabu kilichong'oka jalada husomeka.

Lakini kengele si koti. Koti lililochakaa humwonyesha mvaaji matundu yake, naye hujua pa kujikunyata. Kengele iliyokufa haionyeshi tundu. Tena mtazame yule anayepewa. Kabla ya kupewa, alikuwa na hofu. Na hofu ile, ijapokuwa ni mzigo, ilimfanya aache dirisha wazi kidogo, au alitoe jiko nje kabla ya kulala, au amwulize jirani asubuhi kama ameamka. Tukimtundikia kengele darini, tunamwondolea hofu yake na kumpa tumaini mahali pake. Ikiwa tumaini ni la kweli, tumefanya wema mkubwa. Ikiwa si la kweli, tumemnyang'anya ulinzi pekee aliokuwa nao, tukamwachia taa ndogo ya kijani inayowaka usiku.

Labda utasema: tumpe na tumwonye. Haya, jaribu kuyatamka maonyo hayo kwa sauti. "Mama, chukua kengele hii, huenda ikakuamsha, huenda isikuamshe, usiitegemee." Kengele isiyotegemewa ni kengele ya nini? Na kuna jambo moja la kumuuliza yule msemaji wetu mwema, kwa upole: je, wewe mwenyewe uliiondoa kwako kwa nini? Kama ingali nzima, ungaliiacha pale ilipokuwa. Ulipanda ngazi ukaishusha kwa kuwa hukutaka wanao walale chini yake. Sioni ni kwa hesabu gani watoto wa mwingine wangefaa kulala chini yake.

Kutupa jalalani ndiyo njia ya pili, na ndiyo inayofuatwa na walio wengi. Kwa miaka mingi taka za Nakuru zimepelekwa Gioto, kwenye miteremko ya Menengai, na hapo wako watu wanaopata riziki kwa kuokota: plastiki, chupa, vyuma chakavu, nyaya. Kengele ikifika huko, mwokotaji ataivunja atafute shaba. Betri yake, kama ni ya lithiamu, ikipondwa yaweza kuwaka. Ndiyo maana nasema hakuna kinyume kikubwa kuliko kengele ya moto iliyowasha moto. Waya zikichomwa ili plastiki itoke, moshi wake huingia kifuani mwa yule aliyezichoma. Na risasi iliyomo katika viungio vya vyombo vya umeme vya zamani hubaki ardhini ikingoja mvua.

Tena kuna namna ya kengele ya moshi yenye jambo la ziada. Kengele za moshi ni za aina mbili kubwa: moja huutambua moshi kwa mwanga, nyingine kwa chembe ya madini yatoayo miali, yaitwayo amerisiamu. Chembe hiyo haifiki sehemu moja ya milioni ya gramu. Nisikutishe bure: ikiwa nzima darini haimdhuru mtu, kwa kuwa miali yake mikuu huzuiliwa hata na karatasi. Hatari yake ni kuimeza au kuivuta baada ya kuvunjwa au kuchomwa, na kwa kengele moja hatari hiyo ni ndogo. Lakini kitu hiki kina subira ya ajabu. Huchukua miaka 432 kupungua kwa nusu. Kama mtu angaliifukia chembe ya namna hiyo chini ya ukuta wa Fort Jesus, Mombasa, Wareno walipoanza kuujenga mwaka 1593, nusu nzima ingalibaki hata mwaka 2025. Sisi tunaitumia kwa miaka 10, kisha tunawaachia watu ambao hatutawajua.

Chini ya mji liko ziwa. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia katika Ziwa Nakuru, na maji ya mvua ya mitaa yetu huteremkia huko pia. Lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji huondoka kwa kukauka tu, na yaliyobebwa na maji hubaki. Ziwa hili liliingizwa mwaka 1990 katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya majimaji yenye thamani kwa dunia nzima, la kwanza nchini Kenya. Tangu miaka ya 2010 limefura na kupanda hata kuingia katika makazi ya watu upande wa Mwariki. Sisemi kwamba kengele ndizo zilizolifurisha! Nasema tu kwamba katika nchi isiyo na pa kutokea, neno "tupa" ni neno la uongo. Mtu hatupi, huhamisha kitu kutoka kwake kwenda kwa mwingine aliye chini yake, naye wa chini hakuulizwa.

Basi imebaki njia ya tatu, ya kukirudisha chombo kwa wenye kujua kukifungua na kukitenga: plastiki kwake, shaba kwake, na chembe ya miali mahali pake palipofungwa. Nayo ina gharama. Nairobi kuna kituo kinachopokea na kuvunja vyombo vya umeme vilivyokufa, WEEE Centre, lakini kutoka Nakuru ni kama kilomita 160. Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019 na mamlaka iliyoundwa kwayo; kengele zenye alama ya mabawa matatu zifaa kuulizwa huko kabla ya kusafirishwa, wala mwanafunzi asizifungue kwa udadisi. Betri zitolewe zile zinazotoka, na ncha zake zizibwe kwa utepe. Sanduku liwekwe katika maduka ya vifaa vya ujenzi, pale mtu anaponunulia kengele mpya, maana asiyepita hapo hatafunga safari kwa ajili ya kitu kilichokufa. Mengine mtayapanga wenyewe. Nawasihi tu fedha zisiishie katika mabango na fulana za siku ya ufunguzi.

Nani alipe nauli ya kilomita hizo? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 humtwika mzalishaji wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kutumiwa. Huo ni mwelekeo wa haki. Aliyepata faida kwa kuuza, na aliyelala salama kwa kununua, hao wawili ndio wenye deni; mwokotaji wa Gioto hakuuza wala hakulindwa, na mpaka leo ndiye aliyekuwa akilipa kwa mapafu yake. Mimi naona bora gharama iingizwe katika bei ya kengele tangu mwanzo, hata kama bei itapanda shilingi kadhaa. Najua jibu la wafanyabiashara: bei ikipanda, maskini hatanunua. Neno hilo ni la kupimwa, wala si la kudharauliwa. Ila maskini wa vyumba vya kupanga hanunui hata sasa.

Kwa hiyo yule msemaji wa mkutano wa kwanza asifukuzwe. Alikosea kitu cha kutoa, hakukosea mtu wa kupewa. Andikeni katika hesabu ya mradi kengele mpya kadiri mtakavyoweza, kwa nyumba zinazolala na jiko, na tarehe yake ya mwisho mwionyeshe familia siku ileile mnapoifunga. Na pale fedha zisipotosha, nendeni hivyohivyo mikono mitupu, muwaeleze habari za hewa hii isiyobisha hodi, na muulize kama dirisha la chumba linafunguka.