Udogo Wapimwa na Nani?

Anayejitengenezea gari la mbio kwa mikono yake hakwami sana kwenye injini. Injini hununuliwa ikiwa kamili, hata kama imetolewa kwenye gari lililopata ajali, na giaboksi vilevile. Hukwama kwenye bawaba ya mlango, kishikio cha taa, mpira wa kuzuia maji ya mvua, kipande cha bati kinachokaza betri isirukeruke. Kiwanda hutengeneza kalibu moja ya bawaba kisha gharama yake ikagawanywa kwa maelfu ya magari. Mwenye gari moja hana wa kugawana naye. Wanafunzi na wahadhiri wa Makerere waliounda Kiira EV, gari la umeme la watu wawili lililoonyeshwa mwaka 2011, waliingia katika hesabu hiyo. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kiliingia humo kilipounda magari matano ya Nyayo Pioneer, yaliyozinduliwa mwaka 1990. Je, jasho linalomwagika kwenye vitu hivyo vidogo lina uzito wowote wa kimaadili, au ni mapenzi tu ya mtu na chombo chake? Naamini lina uzito, na ushahidi wangu nautoa mbali na karakana za magari, kwa wahunzi wa Kidatoga walioko Mbulu na Hanang, Tanzania.

Wahunzi hawa ni ukoo wa Gidang'odiga. Huchukua makufuli makuukuu na mabomba ya shaba, wakayayeyusha kwa moto unaopulizwa na mivukuto ya ngozi, wakapata bangili zinazochorwa mistari myembamba kwa tindo. Kutokana na chuma chakavu na misumari hufua visu, mikuki na vyembe vya mishale, ambavyo Wahadzabe wa bonde la Yaeda Chini huvipata kwa kubadilishana na asali. Chembe cha mshale kina mkia mwembamba unaozama ndani ya uti. Mtazamaji hauoni mkia huo, na mnunuzi akishakifunga chembe kwenye uti hauoni tena. Lakini ukipinda, mshale huenda upande, na familia iliyokuwa ikingoja nyama hulala bila nyama. Kwa aliye mbali, mkia ule ni kitu kidogo; kwa anayevuta upinde, ni mlo wa siku hiyo. Ndiyo maana nasema udogo haumo ndani ya kitu. Hutokana na umbali kati ya anayekipima na atakayebeba matokeo yake, na wajibu wa fundi ni kuufupisha umbali huo kabla hajaweka chini nyundo.

Dini zetu zimelishika jambo hili kuliko tunavyowasikia wahubiri wakilisema. Kitabu cha Kutoka kinamtaja Bezaleli kuwa ndiye aliyejazwa roho ya Mungu, na kazi aliyopewa ilikuwa ya ufundi. Simulizi ya hema la ibada alilolitengeneza inashuka hadi vitanzi hamsini na vifungo hamsini vya dhahabu vya kuunganishia mapazia. Katika Kurani, Sura ya Sabaa inamweleza Nabii Daudi aliyelainishiwa chuma, akaamriwa atengeneze deraya na apime vizuri viungo vyake. Maelezo haya hayakuwekwa kwa ajili ya mapambo. Pete moja ya deraya iliyopanuka kupita kiasi ndiyo mahali ambapo mkuki hupita, na anayechomwa si aliyeifua. Mungu anayejishughulisha na kipimo cha pete anasimama upande wa mvaaji.

Hanang imeonja pia matokeo ya kupima kwa mbali. Kuanzia karibu na mwaka 1970, Tanzania ikisaidiwa na Kanada ilifungua mashamba makubwa ya ngano huko Basotu na jirani zake, takriban ekari 100,000, katika ardhi ambayo Wabarbaig, tawi la Wadatoga, walikuwa wakilishia ng'ombe. Mpango ulihesabiwa kwa ekari na tani. Lakini humo mlikuwamo bung'eda, makaburi ya wazee wao wenye heshima, na baadhi yalilimwa kwa trekta. Kwenye ramani ya shamba, kichuguu cha udongo ni kidogo hata hakichoreki. Kwa waliokuwa wakienda pale kuomba, ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko shamba lote. Sidhani waliopanga walikuwa watu wabaya. Walisimama mahali ambapo kaburi halionekani.

Mtu anaweza kunijibu kwamba kila kitu kikiwa kikubwa hakuna kazi itakayokwisha, na maskini hana nafasi ya kusugua bawaba miezi sita. Hoja hii ina nguvu, na kwa upande mmoja ni kweli. Anayeng'arisha boneti huku breki hazijajaribiwa hajali vitu vidogo. Amechagua vile ambavyo yeye mwenyewe anavifurahia, na amemwacha abiria wake. Kipimo changu kinamhukumu kabla ya mtu mwingine yeyote. Hicho hicho humwambia fundi pa kuishia: mhunzi huacha kupiga tupa pale mkia unapokaa sawa ndani ya uti, kwa sababu mwindaji hahitaji zaidi. Watasema basi mistari ya bangili haina kazi, ni majivuno. Sikubali. Bangili huvaliwa kila siku, na anayeiona mara nyingi kuliko wote ni mwenye mkono. Kumpa kitu cha kukitazama bila kuchoka ni kumkaribia, sawa na kunyoosha mkia wa mshale wake.

Linalonisumbua ni upande wa pili wa mkono huo. Kwa desturi, Wadatoga wengine hawaoani na Gidang'odiga. Hununua mkuki wa wahunzi, huvaa bangili ya wahunzi, lakini hawamwozi binti yao kwenye boma la mhunzi. Watetezi wa desturi hii husema kila jamii ina mipaka yake, na kwamba wahunzi wenyewe wamedumisha ufundi wao kwa kuoana wao kwa wao. Huenda mipaka imewasaidia kuhifadhi siri za moto. Hata hivyo, anayepokea chembe kilichonyooshwa kwa ajili yake amekwisha kufikiwa na mhunzi yule kwa karibu kuliko anavyofikiwa na wengi wa ukoo wake. Kumwona mhunzi huyo kuwa mdogo baada ya hapo ni kurudi mbali kwa makusudi, na sioni hoja ya mila wala ya dini inayoweza kuruhusu jambo hilo.