Levo za Mwanzo Zina Kosa Gani?

Wasomaji wenzangu, naanza kwa kukiri kosa. Mwaka 2024, baada ya mavuno, mama yangu aliuza vitunguu swaumu kule kwetu Mbulu, akanipa shilingi 60,000 nikanunue boksi la spana. Spana sikununua. Shilingi 45,000 kati ya hizo nilimtumia kwa simu jamaa mmoja ambaye mpaka leo sijamwona uso, ili aniuzie akaunti yake ya gemu. Mama nilimwambia spana zimepanda bei, nasubiri zishuke.

Msinicheke kwanza. Nataka tulizungumze jambo lenyewe, maana nimegundua si jambo la gemu tu.

Mimi naishi Katesh, chini ya mlima Hanang, na nilikuwa nikijifunza ufundi pikipiki katika gereji moja. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kunisindikiza nyumbani. Usiku naandika riwaya kwenye kaunta buku. Nikichoka kuandika nacheza Old School RuneScape kwenye simu. Gemu hii ilianza mwaka 2013 kwa kufufua RuneScape ya zamani, iliyozaliwa Uingereza mwaka 2001, na mwaka 2018 ikaingia kwenye simu. Humo unaanza huna kitu. Una shoka la hovyo na kijiwavu cha kuvulia kamba. Unakata mti, unachoma kamba, nusu wanaungua. Kila kazi ina levo zake, kuanzia 1 mpaka 99. Wenzako wanapita mbele yako wamevaa deraya zinazong'aa, na wewe unafukuzana na kuku.

Ndipo lilipo lalamiko ambalo kila mchezaji mgeni hulitoa: levo za mwanzo zinachelewa mno! Kwa nini nisipewe upanga tangu siku ya kwanza? Hivi nimekuja kucheza au nimekuja kukata kuni?

Nami nililalama hivyo hivyo, mpaka siku niliyokaa nikapiga hesabu. Ili utoke levo ya 1 uingie ya 2 unahitaji pointi 83 tu. Mti wa kawaida unakupa pointi 25, kwa hiyo magogo manne yanatosha. Ni kazi ya dakika chache. Levo ya 99 inataka pointi 13,034,431. Ya 92 inataka 6,517,253. Zitazameni hizo namba. Mtu aliyefika levo ya 92, ambaye sisi wageni tunamwona ni mfalme, ndo kwanza yuko nusu ya safari. Levo saba zilizobaki zina jasho sawa na zile 91 alizokwisha kuzivuka.

Basi, kwa hesabu, levo za mwanzo ndizo zenye kasi kuliko zote. Kwa nini basi zinauma? Jibu langu ni kwamba hatuzipimi kwa saa. Tunazipima kwa kumtazama aliye juu. Mtu wa levo ya 60 anakata miti yake kwa siku nyingi bila kunung'unika, kwa sababu tayari ni mtu. Mgeni anakata magogo manne na roho inamchoma, kwa sababu anajiona si mtu bado. Kinachouma pale mwanzoni ni unyonge, wala si muda.

Na unyonge ndio niliolipa shilingi 45,000 ili unitoke.

Nikapewa akaunti. Ilikuwa na levo kubwa za kupigana, deraya nzuri, na fedha za humo za kutosha. Usiku ule ule nikaingia nyikani, mahali ambapo wachezaji wanaruhusiwa kuuana. Akatokea jamaa mmoja. Sikujua nile chakula saa ngapi ili nipone, sikujua nikimbilie wapi, vidole vikaanza kugombana kwenye kioo. Haikupita hata dakika moja, nikawa maiti na deraya zangu anazo yeye. Nilikuwa na levo za mtu mwingine na mikono yangu mwenyewe. Siku tisa baadaye, yule aliyeniuzia akabadilisha neno la siri akaichukua akaunti yake. Simu yake ikawa haipatikani. Wa kumshitakia sikuwa naye, kwani hata sheria za gemu zenyewe zinakataza biashara hiyo.

Ingekuwa hadithi ya wazee, ingeishia hapa: kijana, kuwa na subira, haraka haraka haina baraka. Watu wangepiga makofi tukaenda kulala. Lakini mimi sikubali iishie hapo, kwa sababu mchana nilikuwa gereji.

Pale gereji niliingia na kupewa debe, brashi na petroli. Kazi yangu ikawa kuosha vipuri. Fundi anafungua injini, mimi naosha. Anafunga, mimi nafagia. Mwezi wa kwanza nilichukia. Mwezi wa pili nikaanza kuona mambo. Niliijua pistoni iliyokwaruzika kabla fundi hajaniambia. Nilijua klachi iliyoungua ina harufu gani. Mwezi wa tatu ungeweza kunifunga kitambaa usoni ukanipa kipuri mkononi, nikakutajia jina lake na kinapokaa. Naam, debe lilikuwa linanifundisha na mimi sikujua.

Mwezi wa nne halikunifundisha kitu. Wala wa tano. Wa sita na wa saba nao vivyo hivyo. Nilikuwa naosha vitu ninavyovijua, kwa mkono unaovijua, bila kulipwa, na injini sijaigusa. Siku moja nikamuuliza kwa adabu zote: "Mzee, shikamoo. Naomba kujua, lini na mimi nitafungua injini?"

Akajibu bila kuinua kichwa: "Marahaba. Sisi tuliosha mwaka mzima, kijana. Na hatukuuliza."

Nililala na jibu hilo siku nyingi. Ukilichunguza utaona si sababu, ni kumbukumbu tu. Yeye aliumia, basi na mimi niumie, na siku moja nami nimpate mtoto wa mwenzangu nimuumize. Hakusema debe bado lina kitu cha kunipa. Angesema hivyo, ningeliinamia tena.

Halafu siku ikafika. Fundi alikwenda Singida kufuata vipuri, akaja kijana wa bodaboda analia, pikipiki inavuma lakini haivuti mzigo. Nikanusa, nikajua klachi. Nikafungua mwenyewe. Pleti nilizitoa sawasawa, nikaweka mpya, kila kitu mahali pake. Debe lilinilipa siku ile! Lakini wakati wa kufunga kifuniko nilikaza bolti moja kupita kiasi, ikakatikia ndani. Kiasi cha kukaza bolti hukijui kwa kuitazama ikiwa safi kwenye debe. Unakijua kwa kukaza. Ile miezi minne niliyozuiwa kushika spana ndiyo iliyoikata bolti ile. Fundi aliporudi alisema, "Unaona? Ulikuwa hujaiva." Mimi nikasema moyoni, ningeivaje, mzee, na jikoni hukunitia?

Kwa hiyo swali la kuuliza kama mwanzo ni wa polepole mno nimeliacha. Swali langu sasa ni hili: huu upolepole unanipa nini mkononi leo? Kama kila gogo linaongeza pointi, kata, hata kama wenye deraya wanakucheka. Kama debe bado linakufundisha, osha. Siku litakapoacha kukufundisha na bado umeambiwa uendelee, hiyo si subira tena. Hapo unatumiwa, na anayekusifu kwa uvumilivu ndiye anayekula faida yake.

Kuna gemu nyingine za simu ambazo zimeujua udhaifu wetu huu. Zinakuchelewesha makusudi: subiri saa nane nyumba ijengwe, au lipa ijengwe sasa hivi. Zile saa nane hazikufundishi lolote. Zimewekwa pale kama kamba iliyofungwa barabarani ili upite kwa kulipa. Upolepole wa namna hiyo nauita wizi, japo umevaa nguo za subira. Mtu anayeuruka simlaumu, namlaumu aliyeufunga.

Msomaji mmoja ataniambia, mbona hapo Katesh kwenu wapo waliopanda haraka? Kweli wapo. Gidamis Shahanga, mtoto wa huku huku, alishinda mbio za marathoni za Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada, mwaka 1978, akiwa kijana wa kama miaka 20 tu. Mwaka 1982 kule Brisbane, Australia, akachukua dhahabu nyingine, ya mita 10,000. Kama angekuwapo mtu wa kumwambia "sisi tulisubiri mpaka miaka 30," medali ile ya kwanza ingekwenda kwingine. Mfano wake unanipa mambo mawili kwa mkupuo. La kwanza, ujana si dhambi, na aliyeiva aachwe akimbie. La pili, kilomita 42 alizikimbia yeye. Hakuna aliyemtumia kilomita kwa simu.

Na dunia ya kazi inaweza kulijua hilo ikitaka. VETA wanatoa vyeti vya ufundi kwa ngazi, ya kwanza mpaka ya tatu, na wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani, wakarasimisha ujuzi wake bila kumrudisha kwenye benchi kama mtoto asiyejua spana ni nini. Wanamtazama mikono. Kama mikono inajua, apewe ngazi yake. Huo ni utaratibu wa haki: haumpi mtu levo asiyo nayo, na haumkatalii aliyo nayo.

Sasa nigeuke kwetu sisi tunaotaka kuandika, maana najua wengi mnaosoma ukurasa huu mna kaunta buku zenu chini ya godoro. Mimi riwaya yangu nilianza kuiandika sura ya mwisho. Shujaa amekwisha tajirika, amemsamehe baba yake, mvua inanyesha. Nililia mwenyewe nikiandika. Nikampa mdogo wangu asome. Akaniuliza, "Huyu baba yake alimfanya nini?" Sikuwa najua! Nilimnunulia shujaa wangu akaunti ya levo kubwa, na kama mimi kule nyikani, akafa chini ya dakika moja mbele ya msomaji wa kwanza. Nimerudi sura ya kwanza. Ni ya polepole, nakiri, lakini kila ukurasa najua jambo moja zaidi kuhusu yule baba.

Hata hivyo, mhariri au mwandishi mkubwa akiniambia nisithubutu kuonyesha kazi kabla ya miaka kumi kwa kuwa yeye alisubiri kumi, nitamuuliza kwa heshima lile lile nililomuuliza fundi. Miaka hiyo itanipa nini mkononi? Akinijibu, nitakaa. Akisema tu "sisi tulisubiri," nitabeba kaunta buku langu.

Gereji ile nimeondoka. Niko kwa fundi mwingine, ambaye wiki ya pili alinipa spana akasimama nyuma yangu, na nilipokaza sana akanigonga bega. Nimekata bolti moja tu tangu hapo.

Mama nilimwambia ukweli. Nilipanda gari mpaka Mbulu, nikamkuta anachambua mbegu za vitunguu swaumu, nikakaa chini nikamweleza yote, ya gemu na ya jamaa. Gemu hakuielewa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo ulinunua kazi aliyoifanya mtu mwingine?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Na yangu ndiyo uliyolipia."

Sikuwa na jibu. Alinisogezea beseni, tukachambua mbegu mpaka jioni. Namlipa shilingi 2,000 kila wiki, na mpaka leo nimefikisha 26,000. Boksi la spana bado sina.