Duara la Hewa na Moshi: Injini ya Turbo na Swali la Chanzo cha Kwanza

Katika elimu ya tauhidi, hoja ya kuwepo kwa Muumba hujengwa juu ya kukataliwa kwa mambo mawili: dauri, yaani vitu viwili kutegemeana katika kuwepo kwao hivi kwamba kila kimoja ndicho kisababishi cha mwenziwe, na tasalsuli, yaani mlolongo wa visababishi unaorudi nyuma bila ukomo. Imamu Muhammad bin Yusuf as-Sanusi wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 1490, aliyataja yote mawili katika matini yake fupi ya Ummul Barahin, na vizazi vya wanafunzi wameyahifadhi kabla ya kufikia umri wa kuyahoji. Ipo hata hivyo mashine ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, huonekana kuishi ndani ya dauri hiyo hiyo inayosemwa kuwa ni muhali, nayo ni injini ya dizeli ya mipigo miwili yenye turbo, ambayo ndiyo huendesha sehemu kubwa ya meli za makontena zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam.

Injini ya mipigo minne hujivutia hewa yenyewe, kwa kuwa pistoni ina safari moja ya kusukuma moshi nje na nyingine ya kuvuta hewa ndani. Injini ya mipigo miwili haina safari hizo. Pistoni inapokaribia chini ya silinda hufunua matundu yaliyopangwa kuzunguka ukuta wake, valvu ya moshi iliyo juu ikiwa imekwisha kufunguka, na katika muda huo mfupi hewa mpya lazima iingie kwa kani, ipande, na kuufagia moshi utokee juu. Isiposukumwa na kitu, haiingii kabisa. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na pampu zilizoendeshwa na injini yenyewe, zikila sehemu ya nguvu zake. Alfred Büchi, injinia wa Uswisi, alikuwa ameonyesha njia nyingine katika hataza yake ya mwaka 1905: moshi unaotupwa uzungushe tabini, yaani gurudumu lenye mapanga, na tabini hiyo, kwa shafti moja, izungushe gurudumu la pili linalosukuma hewa kuingia kwenye silinda. Kifaa hicho, yaani turbo, kilifaulu mapema katika injini za mipigo minne, lakini meli ya kwanza iliyoendeshwa na injini ya mipigo miwili yenye turbo, Dorthe Mærsk ya Denmaki, ilianza kazi mwaka 1952. Ugumu haukuwa mdogo, kwa sababu moshi wa injini hizi huchanganyika na hewa ya kufagilia, ukapoa na kubaki na nishati kidogo, na kwa sababu hapa turbo si nyongeza ya nguvu tu bali ndiyo pumzi yenyewe: hakuna hewa bila moshi, hakuna moshi bila moto, na hakuna moto bila hewa.

Namna duara hili linavyofunguliwa inastahili kutazamwa kwa karibu. Kwenye meli, feni za umeme huwashwa kabla ya injini na huendelea kuisaidia mpaka ifikie takriban theluthi moja ya nguvu zake. Moshi ukishatosha, feni huzimwa, vilango vyake vinavyofunguka upande mmoja tu hujifunga, na turbo hubaki peke yake. Lakini feni zinahitaji umeme wa jenereta, na injini yenyewe huanza kuzunguka kwa hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi kwa mgandamizo wa takriban bar 30, hewa ambayo nayo ilijazwa na kompresa inayotumia umeme. Je, meli ikizimika kabisa, pasiwe na umeme wala hewa? Kanuni za kimataifa za usalama wa baharini zimeliona swali hilo, zikaagiza kuwepo jenereta ya dharura yenye njia yake ya kuwashwa, iwe ni betri au hata mkono wa baharia. Mlolongo unarudi nyuma, nao unafika mahali pa kusimama.

Hapo ndipo msomaji mwenye imani huweza kuridhika mapema mno, akasema kwamba Mwenyezi Mungu ni kama ile feni: aliuanzisha ulimwengu, kisha ukajiendesha. Baadhi ya wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 18 walimfikiria Mungu hivyo, lakini fikra hiyo humtafuta mahali pasipo pake. Mwanafalsafa Ibn Sina, karne nyingi kabla yao, alitenganisha kisababishi kinachoandaa na kisababishi kinachodumisha: mjenzi akiondoka nyumba haianguki, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukusanya na kupanga, ilhali kusimama kwa nyumba kuna visababishi vingine vilivyopo pamoja nayo saa zote. Kwa kipimo hicho feni ni mjenzi tu. Wala duara la hewa na moshi si dauri halisi, kwa sababu hewa inayoingia sasa ilisukumwa na moshi wa mizunguko iliyotangulia, si na moshi itakaouzaa yenyewe. Tena duara hilo halizalishi chochote, bali hurudisha sehemu ya kile lilichopewa huku msuguano ukilipunguza. Kinachodumisha ni mafuta, yanayopulizwa katika kila silinda mara moja kwa kila mzunguko, zaidi ya mara moja kwa sekunde injini inapokwenda kasi. Mafuta yakikatwa, turbo huzubaa na kusimama, ingawa hakuna kiungo hata kimoja cha duara kilichovunjika.

Mwanafalsafa David Hume angepinga kwamba haifai kuupima ulimwengu mzima kwa sehemu yake: injini hupokea kutoka nje, lakini huenda ulimwengu hauna nje. Pingamizi hilo lina uzito dhidi ya kila anayetoa hoja kwa mfano peke yake, na mfano wa injini haupaswi kubebeshwa zaidi ya kuonyesha kwamba ukamilifu wa duara si jibu la swali la kinacholiendesha. Ibn Sina hakutegemea mfano. Aliuchukua mkusanyiko wote wa vitu vinavyoweza kuwepo na kutokuwepo, viwe na ukomo au visiwe nao, vipangwe kwa mstari au kwa duara, akauliza kama mkusanyiko huo nao si wa kuwezekana tu, na kwa hiyo unahitaji Kilicho Wajibu kuwepo, yaani kisichoweza kutokuwepo. Hoja hiyo inashinda, kwa kuwa haijali umbo la mlolongo. Hata hivyo haifikishi moja kwa moja kwa Yule anayeabudiwa, kama vile mzunguko wa shafti usivyoweza kueleza kama kilichochomwa ni mafuta mazito au gesi. Ndiyo maana Ibn Sina, baada ya kuthibitisha kuwepo, alilazimika kuanza kazi nyingine ndefu ya kuthibitisha kwamba Kilicho Wajibu ni kimoja, hakina viungo, na kinajua.